Turudishieni mwisho wa hadithi gazetini

Mhariri,

Naandika kuhusu hadithi ya mfululizo mnayoichapa kila Jumamosi, ile ya binti anayepigania shamba la babu yake. Ni hadithi nzuri. Ingekuwa mbaya nisingeshika kalamu. Mimi nauza magazeti na kufanya kazi ya M-Pesa karibu na steji hapa Voi, na kwa muda niliokaa kibandani nimejua nani hununua gazeti lenu kwa ajili ya siasa, nani kwa ajili ya kandanda, na nani hufungua ukurasa wa hadithi kabla hata sijamrudishia chenji. Ni kwa niaba ya hao wa mwisho ninaandika.

Tangu mlipoamua kuisimulia hadithi hiyo gazetini na mtandaoni kwa pamoja, mambo yameenda kombo. Kipande cha gazetini hukatwa pale pale kilipokolea. Chini yake mnaandika tuendelee kusoma kwenye tovuti yenu, na pembeni mnaweka kile kimraba cha madoa meusi cha kupiga picha kwa simu. Mwenye simu kubwa na bando anaendelea. Asiye nayo anakunja gazeti lake. Hilo lingevumilika kama Jumamosi inayofuata gazeti lingempokea msomaji pale lilipomwacha. Lakini haliko hivyo. Majuzi sehemu ya gazetini ilianza binti akiwa ameshajua kwamba shemeji yake ndiye aliyebadilisha jina kwenye hati ya shamba. Amejuaje? Nani alimwambia? Jambo ambalo tulilingoja tangu hadithi ianze lilikuwa limefichuliwa mtandaoni katikati ya wiki, na sisi wa karatasi tukaletewa matanga bila kuambiwa nani amekufa.

Kuna mzee mmoja, mlinzi wa ghala, ambaye hutoka zamu asubuhi na kunipitia akielekea kwake. Hanunui gazeti siku nyingine, ila la Jumamosi halimpiti. Simu yake ni kabambe, yenye tochi na betri ya kukaa siku kadhaa, na kwa kazi yake ya usiku hiyo ndiyo simu anayoihitaji. Jumamosi ile alisoma akiwa amesimama hapo hapo dirishani, akageuza ukurasa, akarudi nyuma, kisha akaniuliza, “Mama, hili lako halijapungua karatasi?” Tukahesabu kurasa pamoja, moja baada ya nyingine. Zilikuwa zote. Nikamwonyesha ule mstari wa chini unaosema habari zaidi ziko kwenye tovuti. Akauliza tovuti ni shilingi ngapi.

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Nilimwambia kusoma ni bure ila bando ni pesa, na kabla ya bando kuna bei ya simu yenyewe. Akashukuru, akaondoka na gazeti lake. Tangu siku hiyo bado analinunua, lakini hadithi haizungumzii tena, na zamani tulikuwa hatuachani kabla hatujabishana kama yule binti ni shujaa au ni mkaidi tu.

Mhariri, nisije nikaeleweka vibaya. Sipingi hadithi kupita njia nyingi. Napenda sana ikifanywa vizuri, na nimeiona ikifanywa vizuri, tena kwenye kaunta hii hii.

Mwaka 2010 lilianza kuja jarida la katuni la Shujaaz. Lilikuwa la bure. Lililetwa ndani ya gazeti la Daily Nation, na pia katika vibanda vya M-Pesa, kwa hiyo sisi mawakala ndio tuliokuwa wagawaji. Mhusika mkuu ni kijana aliyemaliza shule na kukosa kazi, anaitwa Boyie. Kwa vifaa vya kuokoteza ameunda mtambo wa redio chumbani kwake, na akiwa hewani anajiita DJ B. Watu wanamsikia lakini hawajui ni nani. Sasa angalieni walivyofanya wale waandishi. Walichora katuni, na pia wakatengeneza vipindi vifupi vya redio ambavyo vilirushwa na vituo vingi vya FM nchini, sauti ikiwa ni ya DJ B mwenyewe. Aliyesikiliza redio tu alikuwa katika hali ile ile ya watu wa ndani ya hadithi: anasikia sauti ya kijana fulani anayeongea kwa uchangamfu juu ya mambo ya vijana. Aliyesoma katuni alijua siri, alimwona Boyie na nyaya zake. Mwenye vyote viwili alipata raha ya ziada. Lakini hakuna aliyepewa nusu. Msikilizaji alitoka na kipindi kizima, na msomaji alitoka na hadithi nzima.

Kisha kulikuwa na njia ya tatu, ya kumwandikia DJ B. Wenye Facebook walimwandikia huko, na wenye kabambe walituma ujumbe mfupi. Vijana waliokuja kwangu kuweka pesa walikuwa wakimzungumzia kama mtu wanayemfahamu, jirani wa mtaa wa pili. Kuna waliojua kabisa kwamba ni mtu wa kubuni na bado wakamwandikia shida zao za karo na za kutafuta kazi. Hicho ndicho hadithi hupata ikipewa mlango wa kurudi kwa wasimulizi wake, na mlango ule haukudai simu kubwa.

Nitatoa mfano mmoja niliouona kwa karibu. Katika hadithi zao walieleza mbinu ya kulinda vifaranga dhidi ya mwewe: unawapaka vifaranga rangi, wanakuwa wa zambarau, na mwewe akipita juu hatambui kwamba kile ni kifaranga. Nina jirani anayefuga kuku wa kienyeji huko upande wa Sagalla, na mwewe walikuwa wamemtia umaskini. Kusoma kwake ni kwa shida. Mpwa wake alichukua jarida kwangu, akampelekea, na yule mama akaona michoro kwa macho yake: kifaranga kimeshikwa hivi, rangi imefika hapa, kichwa kimeachwa. Maneno hakuyahitaji. Baadaye akasikia habari hizo hizo zikizungumzwa redioni, na hapo ndipo alipoamini, kwa sababu kwake redio ina uzito kuliko kitabu cha picha. Alikuja kuniuliza rangi inauzwa wapi. Wiki zilizofuata, aliyepita kwake aliona vifaranga vya zambarau vikichakura uani, na watoto wa kijiji walisimama kwenye ua kuvitazama.

Katuni ilionyesha namna ya kufanya, redio ikatia imani, na mazungumzo ya watu yakamaliza kazi. Kila chombo kilifanya kile kinachokiweza. Ule mchoro wa kifaranga usingefaa redioni hata ungeelezwa kwa nusu saa, na ile sauti ya kijana anayekuchangamkia asubuhi haiwezi kuchapwa kwenye karatasi. Waliofanya kazi ile, Well Told Story wa Nairobi, walipata tuzo ya kimataifa ya Emmy, wakaipata tena, na baadaye wakaipeleka Shujaaz hadi Tanzania. Wapo waliolalamikia Sheng ya jarida lile, na rafiki yangu mwalimu hakuliruhusu darasani. Mimi nasema Sheng ni ya mhusika, Boyie hawezi kuongea kama hakimu. Lakini huo ni mjadala mwingine.

Hata kabla ya hapo tulikuwa na mifano. Mwaka 1987, Sauti ya Kenya ilikuwa na mchezo wa runinga, Tushauriane, na mchezo wa redio, Ushikwapo Shikamana, yote miwili ikigusa mambo ya uzazi wa mpango na maisha ya familia. Kwetu hatukuwa na runinga. Tulikuwa na redio ya betri iliyowekwa juu ya kabati ili watoto tusiichezee. Sikuwahi kuhisi kwamba nyumba yetu imefungiwa nje ya jambo lolote, kwa kuwa redio ilikuwa na mchezo wake wenyewe, wenye watu wake na shida zao, na ukiisha umeisha hadi siku yake ifike tena.

Na kama mnataka mfano wa zamani zaidi, tunao Fumo Liyongo. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Kipini, karibu na Ozi ambako husemwa ndiko kaburi la Liyongo liliko. Alitusimulia kisa hicho tukiwa watoto, na alipendelea sana mwisho wake: Liyongo amechomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, anajikokota hadi kisimani, anapiga goti na kutega upinde, na anafia pale pale katika hali hiyo. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, na mji mzima unakosa maji kwa kumwogopa maiti. Nyanya alipofika hapo alikuwa akisimama na kupiga goti, mkono mmoja mbele kama aliyeshika upinde, na hakuna mtoto aliyethubutu kucheka.

Baadaye, nikiwa shuleni, nikausoma utenzi, ule ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Ni kisa kile kile, lakini utenzi ulinipa mambo ambayo nyanya aliyapita haraka. Alivyofungwa gerezani, jinsi alivyotuma ujumbe kwa mama yake kwa wimbo ambao walinzi waliusikia wasiuelewe, jinsi mama alivyooka mkate mzuri wa kuwaridhisha walinzi na mkate wa wishwa ambao ndani yake aliificha tupa. Na usiku wa ngoma ya gungu, watu wakiimba na kupiga ala huko nje, naye ndani akikata pingu, kelele za ngoma zikifunika sauti ya chuma. Halafu ziko nyimbo zenyewe zinazohusishwa naye, ambazo watu waliziimba katika gungu hata bila kusimulia kisa. Haya ni masimulizi, utenzi na ngoma, njia tatu za kisa kimoja, na zimekaa pamoja kwa muda mrefu katika pwani yetu. Nyanya yangu hakuwahi kutuacha na Liyongo gerezani akatuambia yaliyobaki tukayatafute katika utenzi. Hakuwa na utenzi huo nyumbani, na hata angekuwa nao, watoto waliokuwa mbele yake walikuwa na haki ya kusikia hadithi hadi mwisho kutoka kinywani mwake.

Haki hiyo ndiyo ninayoidai kwa niaba ya wasomaji wangu. Nasema wasomaji wangu ingawa magazeti ni yenu, kwa sababu mimi ndiye ninayetazamana nao.

Najua sababu zenu, na siwalaumu kwa kutafuta njia. Rundo ninaloshushiwa alfajiri kutoka kwenye gari ni dogo kuliko zamani. Vijana wengi hawanunui karatasi. Binti wa dada yangu, ninayeishi naye, husoma kila kitu kwenye simu, na ndiye aliyenionyesha sehemu za hadithi yenu zilizo mtandaoni pamoja na zile video fupi. Ninafurahi kwamba anaisoma hadithi ya Kiswahili inayohusu mashamba na urithi, kwa sababu hayo ni mambo yatakayomfika yeye pia. Mkiacha mtandao mtampoteza. Siombi muuache.

Ila kwa kuwa nimeziona sehemu zote, naona jambo jingine ambalo huenda wasomaji wa upande mmoja hawalioni. Gazetini, ami yake yule binti ni mgonjwa wa miguu, hatoki kitandani, na huruma yote ya sura za mwanzo inatokana na ugonjwa wake. Kwenye video fupi mliyotoa, ami huyo huyo anaendesha lori kuelekea Mwatate. Binti wa dada yangu aliniuliza kama amepona. Nikashindwa kumjibu, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba amepona. Inaonekana anayeandika gazetini na anayetengeneza video hawakai meza moja. Hadithi inayopita njia nyingi inahitaji mtu wa kuitunza, anayejua nani ni mgonjwa, nani amesafiri, nani tayari anajua siri ya hati na nani bado. Muwekeni mtu huyo. Mwandishi mwenyewe wa hadithi angefaa, kama mtamlipa kwa kazi hiyo ya ziada, na ninaamini inastahili malipo.

Kisha gawanyeni upya. Kipande cha gazetini kiwe na mwanzo na mwisho wake kila Jumamosi. Kikatizwe pa kutia hamu kama mfululizo wowote, hilo halina neno, lakini jambo lolote linalobadilisha hadithi lipite gazetini kabla halijaonekana kwingine, au angalau siku ile ile. Mtandaoni wekeni vile ambavyo karatasi haiwezi. Tusikie sauti ya mama wa binti akisimulia siku babu alipofyeka lile shamba mara ya kwanza. Tuone hati ya shamba yenyewe, yenye jina lililokwaruzwa na kuandikwa upya, kijana aivute kwa vidole na kuichunguza kama mpelelezi. Shemeji naye apewe nafasi ya kujieleza, maana hata mwizi wa shamba ana kisa chake. Mwenye simu atavipata hivyo na kufurahi, na asiye na simu hatakuwa amekosa uti wa hadithi.

Redio msiisahau. Hapa kwetu redio inaimba tangu alfajiri, kwenye matatu, kwa kinyozi, jikoni kwa mama wa mahamri. Kuna watu ambao macho yamechoka na hawawezi tena kusoma herufi zenu ndogo. Kama mtaelewana na kituo kimoja cha Kiswahili, hata sura moja kwa wiki ikisomwa na msomaji mwenye sauti nzuri, mtapata wafuasi ambao hawajawahi kugusa gazeti. Na wakishapenda, baadhi yao watakuja kwangu Jumamosi kuulizia karatasi, kama vile walivyokuja vijana kuulizia katuni baada ya kumsikia DJ B. Niliyaona hayo kwa macho yangu, walikuwa wakija kabla sijafungua mzigo.

Tafadhali wekeni pia namba ya kutuma ujumbe mfupi, wa kawaida, wa kabambe. Kwa sasa maoni yote kuhusu hadithi yanaandikwa chini ya tovuti, na ninapoyasoma kwenye simu ya binti wa dada yangu naona ni ya watu wa aina moja. Wengi wanataka binti ahamie Nairobi aachane na shamba. Mzee mlinzi asingesema hivyo. Yeye aliwahi kuniambia kwamba binti akiliacha shamba lile, atakayelala njaa ni ami yake, na hoja hiyo sijaiona popote kwenye maoni yenu. Kina mama wanaolima hapa pia wana la kusema juu ya hati na mashemeji, wameyapitia. Mkiwasikia, mwandishi wenu atapata sura ambazo hawezi kuzibuni akiwa ofisini.

Nimesikia kutoka kwa mwenye gari la magazeti kwamba sura ya mwisho inakaribia na kwamba mnapanga kuitoa mtandaoni, pengine kwa video. Sijui kama ni kweli. Kama ni kweli, nawasihi muichape pia, nzima, katika gazeti la Jumamosi hiyo hiyo, hata ikibidi mchukue nusu ya ukurasa wa matangazo ya mnada. Na kabla yake chapeni muhtasari wa yote yaliyopita mtandaoni, ili waliokatiwa njiani wapate kuunganisha. Hadithi ikiisha, mkiikusanya kuwa kijitabu cha bei nafuu, nileteeni. Kaunta yangu ina nafasi pembeni ya daftari la M-Pesa, pale pale nilipokuwa nikiweka yale majarida ya katuni, na sitawatoza chochote kwa nafasi hiyo.

Muuza magazeti,
Voi